Picha Kubwa

Mlinzi wa getini alimnusa Brashi kabla hajamtazama usoni.

"Huyu kalewa," alisema, akarudi nyuma na kuziba pua. "Mama, mpeleke mumeo nyumbani akalale. Hii ni hospitali."

"Hajalewa," mkewe alijibu. "Ni fundi rangi. Hayo unayoyanusa ni mafuta ya kuchanganyia rangi."

"Wote husema hivyo hivyo."

Brashi alikuwa amejikunja kiti cha nyuma cha teksi, jasho likimtiririka kama mtu aliyemwagiwa ndoo ya maji. Asubuhi ile alikuwa juu ya ngazi akipaka ukuta wa mwalimu mmoja, akashikwa na maumivu mgongoni, ubavu wa kushoto. Alisema ni kama kuchomwa bisibisi kutokea ndani. Alishuka ngazi mwenyewe, akaketi juu ya kopo la rangi, kisha akazirai. Mwalimu alimpigia simu mke wa Brashi, naye akaiacha pasi yake ya mkaa kibarazani, juu ya shati la watu, akakimbia. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi nguo za wenye haraka na wavivu, na hakuwahi kuiacha pasi peke yake hata siku moja.

Dereva wa teksi ndiye aliyewatoa aibu. Alishuka, akamwendea mlinzi. "Kaka, huyu akifia ndani ya gari, nani atapanda gari langu tena? Fungua."

Geti likafunguka.

Mapokezi, karani aliuliza bila kuinua kichwa. "Tatizo?"

"Mgongo," alisema mke wa Brashi. "Na alizirai."

"Mgongo au kuzirai? Chagua moja, mama, nafasi hapa ni ndogo."

"Mgongo."

"Wenye mgongo benchi la mwisho kule."

Wakaenda benchi la mwisho. Brashi alikuwa mtu wa mzaha hata siku za njaa, na uso wake ukiwa umeshakuwa wa majivu alimnong'oneza mkewe, "Ungesema mimi mjamzito. Wajawazito wanapitishwa mbele."

"Nyamaza, baba. Pumua."

Wengine benchini walikuwa wakilalamika kwa sauti. Brashi hakuwa akilalamika, na labda hilo ndilo lililomwokoa na foleni. Daktari mmoja wa kike, kijana, aliyekuwa akipita na glavu mkononi, alisimama ghafla mbele yake. Manesi walimwita Daktari Mdogo, kwa sababu ya umri na kimo, na kwa sababu hospitali ile ilikuwa na Daktari Mkubwa, bingwa wa upasuaji.

"Huyu kwa nini ameketi?" aliuliza. "Leteni kitanda. Sasa hivi!"

*

Chumba cha dharura kiligawanywa kwa mapazia ya kijani yaliyofifia kwa kufuliwa. Nesi alimfunga Brashi mpira wa presha mkononi, akasoma, akafunga tena kana kwamba mashine imekosea. Daktari Mdogo alikuwa amekwisha kusukuma kitandani kimashine chenye kioo kidogo kama cha simu za wenye nazo, kikiwa juu ya toroli la magurudumu. Alimpandisha Brashi fulana, akamminyia jeli tumboni.

"Hii baridi, mzee. Unisamehe."

"Mimi nimezoea rangi," alisema Brashi. "Daktari, ukiona ni mtoto wa kike, usimwambie mama huyu. Alitaka wa kiume."

Daktari alicheka. Aliweka kile kishikio ubavuni, akatazama figo ya kushoto, kisha ya kulia. "Figo hazina neno," alisema. Akakisogeza katikati, juu kidogo ya kitovu, akakandamiza polepole.

Akaacha kucheka.

Mke wa Brashi alikuwa amesimama kichwani pa kitanda, akaona kile alichokiona daktari. Katikati ya ukungu wa kijivu palikuwa na duara jeusi, kubwa, nalo lilikuwa likipiga. Likijaa, likipungua, likijaa.

"Hilo ni nini?"

Daktari hakumficha. Alimvuta kando ya pazia, lakini pazia si ukuta. "Mama, damu yote ikitoka moyoni inashukia kwenye mshipa mmoja mkubwa, unapita tumboni mbele ya uti wa mgongo. Kwa kawaida ni mnene kama kidole gumba. Wa mumeo umevimba kama chungwa. Na kwa jinsi presha inavyoshuka, umeanza kuvuja."

"Ukipasuka je?"

"Ukipasuka kabisa hatutakuwa na la kufanya. Ndiyo maana inatakiwa apasuliwe sasa, kabla. Hata hapo, mama, wengine hufia mezani. Lakini asipopasuliwa hana njia."

Mke wa Brashi hakusoma sana, lakini lugha ile aliielewa yote. "Basi apasuliwe," alisema.

"Nampigia bingwa."

*

Kabla bingwa hajafika, alifika Saruji.

Saruji ndiye kaka mkubwa wa Brashi. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na jina lile lilimganda zamani, alipokuwa akibeba mifuko kwa mgongo wake mwenyewe. Wazazi wao walipokufa yeye ndiye aliyemlea mdogo wake. Brashi na familia yake waliishi vyumba viwili uani kwake, na ada ya chuo cha ualimu ya binti yao ilitoka mfukoni mwake. Kwa hiyo Saruji alipoongea, watu wa nyumba ile walinyamaza, wala haikuwa lazima apandishe sauti.

Aliingia na shati lililonyooka, ambalo shemeji yake alikuwa amelipiga pasi juzi tu. Alimshika mdogo wake mguu. "Mdogo wangu. Umefanya nini?"

"Nimechoka kupanda ngazi, kaka."

Saruji aliugeuza uso wake kwa daktari, akaona msichana. Kisha akakiona kile kimashine. "Hiki ndicho kimewaambia mshipa umepasuka?"

"Haujapasuka kabisa. Umevimba na unavuja."

"Kijidude hiki? Binti yangu, mke wangu alipokuwa na mimba ya mwisho walimpima kwa mashine kubwa mara mbili ya hii, wakasema pacha. Alizaa mmoja. Sasa wewe unataka mdogo wangu achanwe tumbo kwa hiki?"

"Mzee, kutazama mtoto na kutazama mshipa..."

"Daktari mwenyewe yuko wapi?"

"Daktari ni mimi."

"Namaanisha mkubwa."

Daktari Mkubwa alifika mwenyewe, miwani juu ya paji la uso, akiwa na haraka ya mtu aliyetolewa mezani kabla hajashiba. Alikitazama kioo kidogo, akambonyeza Brashi tumboni, akakunja midomo. Ukweli ni kwamba aliuamini. Mke wa Brashi alimwona akiuamini. Alimwona akivuta pumzi na kumtazama mgonjwa jinsi fundi anavyotazama ukuta wenye ufa. Lakini ilikuwa kazi ngumu, ya hatari, na wiki chache nyuma mtu mwingine alikuwa amemfia mezani, ndugu wakavunja vioo.

"Inawezekana ni mshipa," alisema. "Picha ya siti-skani ingetuonyesha vizuri zaidi. Tukienda moja kwa moja chumba cha upasuaji tunaokoa muda, lakini mjue anaweza asitoke. Familia ndiyo iamue."

Daktari Mdogo alimtazama kama mtu aliyeachwa njiani. "Daktari, presha hii haiwezi kusubiri siti-skani."

"Nimesema familia iamue."

"Mpasueni," alisema mke wa Brashi.

"Shemeji, subiri kwanza," alisema Saruji kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. "Huyu ni damu yangu. Siwezi kumtoa achinjwe kwa kubahatisha. Ipigwe picha kubwa. Ikisema hivyo, nitatia sahihi kwa mikono miwili."

"Shemeji, mimi ndiye mkewe. Nimesema apasuliwe. Nimeliona likipiga kwa macho yangu."

"Umeona nini? Wewe unajua kilichomo tumboni mwa mtu?"

Daktari Mkubwa alikuwa amekwisha kumgeukia Saruji. "Basi picha," alisema. Nesi akamwambia mke wa Brashi, "Mama, tupishe njia kidogo."

*

Chumba cha picha kubwa kilikuwa mwisho wa jengo, ukipita jikoni na chumba cha nguo. Daktari Mdogo alisukuma kitanda mwenyewe, dripu imening'inia, damu ya kuongezewa ikiwa bado haijaletwa. Walipofika mlango ulikuwa umefungwa. Mtaalamu alikuwa amekwenda kula. Wakamtafuta. Alipokuja alisema mashine lazima ipate moto kwanza, na mgonjwa lazima avuliwe kila kitu chenye chuma.

"Kaka," Brashi aliita. Saruji akainama. "Mlangoni pa mwalimu nimeacha brashi yangu nzuri haijaoshwa. Itakauka."

"Nitaiosha mimi."

"Wewe hujui kuosha brashi." Akamtafuta mkewe kwa macho, akampata. Alifungua mdomo aseme jambo, pengine mzaha, kisha akashika tumbo kwa mikono yote miwili, macho yakageuka, na tumbo likajaa likawa gumu kama ngoma chini ya shuka.

Daktari Mdogo alipanda juu ya kitanda, akaanza kumkandamiza kifua. Alikandamiza mpaka nywele zikamfunguka. Mtaalamu wa picha alisimama mlangoni ameshika funguo, akasema taratibu, "Sasa mashine imeshapata moto."



*

Msibani Saruji alilia kuliko wote, na kilio chake hakikuwa cha uongo. Lakini mtu akilia sana hutafuta mahali pa kuutua mzigo. Siku ya mazishi ulikuwa umeshatua.

"Kale kasichana," aliwaambia waombolezaji waliokaa uani kwake, "ndiko kalikomuua. Mdogo wangu aliingia anatembea, anatania. Kakamkandamiza tumbo na kijidude chake mpaka kakampasua mshipa. Daktari Mkubwa mwenyewe alisema subirini picha kubwa. Kama si wale watoto wanaofanyia watu majaribio!"

Watu waliguna, wakatikisa vichwa. Mke wa Brashi, ndani, alisikia kila neno kupitia dirishani. Akina mama walimkandakanda mabega wakimwambia alie, atoe. Hakuweza.

Baadaye Saruji alimwita kibarazani, naye binti akaja akasimama nyuma ya mama yake.

"Nimepeleka malalamiko hospitali. Kamati itakuita. Utasema ulivyoona akimkandamiza."

"Shemeji, hakumkandamiza. Alimpima."

"Utasema ulivyoona," Saruji alirudia. Kisha akamtazama binti. "Chuo kinafunguliwa lini?"

"Mwezi ujao, baba mkubwa."

"Vizuri."

Usiku ule chumbani, binti alimwambia mama yake, "Mama, baba ameshakufa. Yule daktari ataendelea kulipwa tu hata wakimsema. Sisi tutalipwa na nani?"

"Unataka niseme uongo?"

"Nataka nimalize chuo."

*

Kamati ilikaa chumba chenye meza ndefu na maua ya plastiki. Daktari Mkubwa alikuwa upande mmoja, anaandika bila kuinua macho. Daktari Mdogo aliketi peke yake, mikono mapajani, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu wa nidhamu.

"Mama," alisema mwenyekiti, "ulimwona daktari huyu akimkandamiza marehemu tumboni kwa nguvu?"

Mke wa Brashi alimtazama Saruji, aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Alifikiria vyumba viwili vya uani. Alimfikiria binti yake.

"Alimgusa jinsi mimi ninavyoigusa pasi kujua kama imepata moto," alisema. "Mimi nilikuwepo. Alisema mshipa umevimba, unavuja, apasuliwe saa ileile. Mimi nikasema apasuliwe. Daktari Mkubwa akasema familia iamue. Shemeji akataka picha kubwa. Tukaenda kusubiri picha kubwa, na ndipo alipokufa."

Kalamu ya Daktari Mkubwa ilisimama.

Mwenyekiti alimuuliza Daktari Mdogo kama ana la kuongeza. Msichana alisimama, lakini hakuongea na kamati. Aliongea na mtu aliyemshtaki. "Mzee, baba yenu alikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hilo linakuhusu nini?"

"Naomba unijibu."

"Alianguka shambani. Walisema moyo."

"Huenda haukuwa moyo. Uvimbe huu hutembea katika damu ya ukoo, hasa kwa wanaume, hasa wavuta sigara. Nenda ukapimwe. Kwa yeyote unayemwamini. Hauumi, haukupi dalili mpaka siku hiyo."

"Ameniulia mdogo wangu, sasa ananitakia kifo na mimi!" Saruji alisimama, akatoka, mlango ukagonga ukuta.

Kamati iliandika kwamba hakuna kosa la kitabibu lililothibitishwa. Kisha, kwa sababu Saruji alikuwa mtu wa kuchangia saruji kila hospitali ilipojenga, na kwa sababu Daktari Mkubwa hakutaka tena mtu wa kumwambia mgonjwa hawezi kusubiri, ikaandika kwamba Daktari Mdogo ahamishiwe kituo cha afya cha mbali kwa manufaa ya kazi, na kile kimashine kirudishwe idara ya picha, kisitumike kitandani mpaka utaratibu utakapopangwa. Kikafungiwa stoo. Utaratibu haukupangwa.

Mke wa Brashi hakufukuzwa. Saruji alimtumia mtu tu, kumweleza kwamba vile vyumba vinahitajika kuwekea mabati. Alihamia chumba kimoja mtaa wa pili, akatandika meza yake ya pasi chini ya dirisha la mwenye nyumba. Binti hakurudi chuo. Alipata kazi ya kuuza vocha na chaja za simu kwenye kibanda, na kwa miezi mingi alimjibu mama yake kwa "ndiyo" na "hapana", zaidi "hapana".

*

Saruji alikuja asubuhi moja bila kubisha hodi ya maana. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya meza ya pasi, akayatazama makaa.

"Yule binti," alisema. "Yule daktari. Walimhamishia wapi?"

Mke wa Brashi aliendelea kunyoosha kola. "Mbali. Si uliomba apelekwe mbali?"

"Nikilala chali, shemeji, shati linacheza. Hapa." Aliweka kiganja juu ya kitovu. "Kama moyo umeshuka. Sijamwambia mtu. Hata mke wangu sijamwambia."

Mke wa Brashi aliiinua pasi, akaiweka kwenye kigae. Kulikuwa na maneno mengi aliyoyatunza kwa siku ya namna hii, ameyapanga usiku mmoja mmoja. Alimtazama yule mzee mwenye kiganja tumboni, na yote yakamtoka kichwani, isipokuwa hasira yenyewe. Hasira haikutoka.

"Ngoja nivae viatu," alisema.

Kituo cha afya kilikuwa mwisho wa lami, kisha mbele tena. Daktari Mdogo aliwapokea bila kushangaa, kwa adabu kavu. Alimlaza Saruji, akatandaza vidole pande mbili za kitovu, akatulia.

"Upo," alisema.

"Nipime na ile mashine yako," alisema Saruji. "Nione na mimi."

"Ilibaki kule, mzee. Imefungiwa stoo. Nilidhani unajua."

Saruji aligeuza uso ukutani.

"Sikiliza," daktari aliendelea. "Vidole vyangu vinasema ni mkubwa, lakini hauumi na presha yako nzuri. Nenda wiki hii ukapigwe siti-skani, wapange upasuaji wa utaratibu. Wewe unaweza kusubiri picha kubwa."

"Atanipasua nani?"

"Bingwa ni mmoja tu."

Njiani kurudi, wakaingia lami. "Vile vyumba," alisema Saruji, "naweza kuyatoa mabati."

"Kaa navyo. Yale uliyoyasema msibani mbele ya watu, yafute mbele ya watu. Sitaki kingine."

"Nikitoka hospitali," alisema Saruji. "Nakuahidi, shemeji. Nikitoka tu."

*

Alipasuliwa akiwa ameshiba damu ya akiba na dawa za usingizi, kwa mpango, asubuhi, na Daktari Mkubwa alifanya kazi nzuri sana. Wiki haikuisha Saruji alikuwa ameketi kitandani, mito mitatu nyuma yake, wodi imejaa wafanyabiashara wenzake, majirani, mafundi wanaokopa dukani kwake. Wengi wao ndio waliokaa uani siku ya mazishi. Mke wa Brashi alikuja na binti yake, wamebeba chupa ya maji na uji, wakakosa pa kukaa, wakasimama karibu na dirisha.

"Uligunduaje?" mwenye duka la mbao aliuliza. "Maana wanasema ugonjwa huo hauna dalili."

Saruji alimwona shemeji yake. Hakuna aliyeweza kusema baadaye kwamba hakumwona. Macho yao yalikutana kabisa.

"Niliugundua mwenyewe," alisema. "Mimi mwili wangu naujua. Nikamfuata Daktari Mkubwa moja kwa moja, nikamwambia nipige picha."

"Wewe ni mwanamume!" walimwambia.

"Baba mkubwa," binti alisema.

Hakupaza sauti, lakini wodi nzima ilisikia, kwa sababu hakuwa amesema neno refu mbele ya watu tangu msiba. "Baba mkubwa, waambie ni nani aliyekushika tumbo. Waambie ni yuleyule."

Watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine. Saruji alifumba macho, akaweka mkono juu ya bandeji.

"Koo limenikauka," alisema mwishowe. "Nipeni maji."

Hakuna aliyesogea. Shemeji yake alifungua chupa, akammiminia.